Punguza kitambi, bakisha misuli: mwongozo wa wiki 12 kwa wakazi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mizani hupima kila kitu kwa pamoja: mifupa, maji, misuli, mafuta, na ugali wa jana ambao haujatoka tumboni. Ndiyo maana mtu anaweza kupungua kilo 6, suruali ikalegea, na bado akapanda ngazi hadi orofa ya tatu akihema. Anayejinyima chakula na kukimbia kila asubuhi bila zoezi lolote la nguvu hupungua kweli, lakini karibu robo ya kilo zinazoondoka huwa si mafuta. Sehemu kubwa ya robo hiyo ni misuli na maji yaliyomo ndani yake. Misuli hiyo ndiyo iliyokuwa ikimbebea mtungi, ikimpandisha mlima na kufyonza sukari kutoka kwenye damu kila baada ya mlo. Siku akirudia kula kama zamani, mafuta hurudi upesi, misuli hubaki nyuma.

Mpango huu ni wa mtu mzima asiye na jimu, anayekula kutoka sufuria moja na familia yake. Mjamzito asipunguze chakula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamaidi aongee na daktari wake kwanza, kwa sababu mazoezi na dawa hizo kwa pamoja vinaweza kushusha sukari hadi azimie. Mwenye presha isiyodhibitiwa, au anayeumwa kifua akipanda mlima, aanzie kliniki.

Hatua ya 1: Pima kiuno kabla ya kupima kilo

Chukua tepu ya fundi wa nguo. Gusa ubavu wa mwisho, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, na uzungushe tepu katikati ya sehemu hizo mbili. Watu wengi hupimia pale mkanda unapokaa, chini ya kitambi, na kupata namba ya kufurahisha isiyo na maana. Pumua nje kwa kawaida, usivute tumbo, kisha usome.

Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Shirika la Afya Duniani linatumia pia viwango hivi: kwa mwanamume, hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huanza kupanda kiuno kikipita sentimita 94 na huwa kubwa kikipita 102, kwa mwanamke ni 80 na 88. Tuchukue mfano tutakaoutumia hadi mwisho: dereva wa bodaboda wa Nakuru, umri miaka 32, urefu sentimita 170, kilo 86, kiuno sentimita 101. Nusu ya urefu wake ni 85. Ana sentimita 16 za kushughulikia, na hazitaisha kwa wiki 12. Zikipungua 5 amefanya kazi nzuri.

Mizani ya duka la dawa au ya kando ya barabara inatosha, mradi uwe unatumia ileile na ikae mahali palipo sawa. Kama ni ya nyumbani, ijaribu kwa maji: pima mtungi mtupu, ujaze lita 10, upime tena. Tofauti iwe kilo 10. Panda mizani asubuhi tatu kwa wiki, baada ya choo na kabla ya chai, kisha utafute wastani. Mwanamke alinganishe wiki ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, kwa kuwa kabla ya hedhi maji peke yake yanaweza kuongeza kilo 1 hadi 2.

Mashine za kushika kwa mikono zinazodai kusoma asilimia ya mafuta hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kutokana na maji. Ukinywa maji, ukitoka jasho, namba inabadilika. Usilipie.

Hatua ya 2: Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta

Kilo 1 ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ukila kalori 400 pungufu ya unazotumia kwa siku, kwa wiki ni 2,800, yaani gramu 360 hivi za mafuta. Inaonekana ndogo. Hata hivyo ndiyo kasi ambayo misuli inastahimili: lenga kupungua kati ya nusu asilimia na asilimia 1 ya uzito wako kwa wiki, na matembezi ya Hatua ya 5 yatakufikisha hapo. Zaidi ya kasi hiyo mwili huanza kuvunja misuli kujazia.

Kalori hizo 400 zipo wapi? Mara nyingi hazipo kwenye sahani, zipo kwenye sufuria. Lita 1 ya mafuta ya kupikia ina kalori kama 8,200. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa siku 5, kila mmoja amekula kalori 410 za mafuta kwa siku kabla hujahesabu chakula chenyewe. Chupa hiyohiyo ikidumu siku 10, kila mmoja anakula 205. Hakuna aliyepunguziwa tonge. Kwa hiyo chukua kalamu, andika tarehe ya kufungua chupa kwenye kibandiko chake, na mpikaji apime kwa kijiko cha mezani badala ya kumimina. Kijiko kimoja ni kalori 120. Kama mnanunua mafuta ya kupimiwa dukani, jumlisha mililita za wiki nzima kisha ugawanye kwa vichwa.

Dereva wetu anaongezea jambo moja: soda ya nusu lita aliyokuwa akinywa mchana. Ina sukari ya gramu 50 na zaidi, sawa na vijiko 13 vya chai, kalori 210 hivi. Akiiacha na chupa ya mafuta ikadumu siku 10, amefika 415. Basi, hajagusa ugali.

Ugali hauna kosa lolote. Utafiti uliochapishwa 2004 kuhusu wakimbiaji wa Kenya wakiwa kambini ulikuta zaidi ya robo tatu ya nishati yao ikitoka kwenye wanga, na ugali ukiwa sehemu kubwa ya huo wanga. Tofauti ni kwamba wao huutumia siku hiyohiyo. Pima unga ungali mkavu, maana ugali uliopikwa una maji mengi na uzito wake hudanganya: gramu 150 za unga ni kalori 540 hivi, na hicho ni kiasi cha kumtosha dereva wetu jioni. Siku ya mazoezi magumu aweke ugali mwingi zaidi kwenye mlo unaofuata zoezi, siku ya kukaa auchote kidogo na kujaza sahani kwa sukuma, saga au mrenda.

Hatua ya 3: Protini katika kila mlo

Misuli hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Ukila pungufu, ubomoaji hushinda, isipokuwa uwe na vitu viwili: zoezi la nguvu na protini ya kutosha. Kiwango kinachofaa kwa anayefanya mazoezi ya nguvu ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaolenga. Dereva analenga kilo 75, kwa hiyo gramu 120 kwa siku. Igawanye, gramu 25 hadi 40 kwa mlo, ili misuli ipate ya kujengea siku nzima.

Asubuhi: mayai 3 (gramu 18) na kikombe cha maziwa cha robo lita (8). Mchana: vikombe 2 vya ndengu zilizopikwa (28) na wali kidogo (4). Saa kumi: nusu lita ya maziwa lala (16) na konzi moja ya njugu karanga, gramu 30 (7). Jioni: gramu 50 za omena mkavu (25 au zaidi) na ugali wa unga gramu 150 (12). Jumla ni kama 118. Njugu zihesabu, usizichote ukizungumza. Kopo la robo kilo lina kalori 1,400.

Omena ni protini ya bei nafuu kuliko nyama katika masoko mengi ya ukanda wa ziwa, na hupikwa vibaya sana. Watu humimina mafuta ili kuua shombo, lakini shombo huondolewa na maji ya vuguvugu na moto mkavu. Osha mara mbili kwa maji ya vuguvugu hadi mchanga uishe, chuja kabisa, kisha kaanga kwenye sufuria kavu bila tone la mafuta, ukigeuzageuza, kwa dakika 8 hadi 10, hadi yasikike yakigongana kama kokoto nyepesi. Hapo ndipo uweke kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu, nyanya na limau. Mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, nao una nyama nzuri karibu na kichwa, lakini ukinunua uliozamishwa kwenye karai la mafuta umenunua mafuta. Nunua mbichi, uchemshe.

Poda nyingi za protini ni protini ya maziwa iliyokaushwa na kupandishwa bei. Hazina ubaya, hazina uchawi.

Hatua ya 4: Mtungi wa lita 20

Lita 1 ya maji ni kilo 1. Unaweza kuongeza uzito kidogo kidogo bila chuma cha jimu. Tafuta mitungi miwili imara, uchore alama kwa kalamu ya wino usiofutika kila lita 2: mimina lita 2, subiri maji yatulie, chora, endelea. Kifuniko kifungwe juu ya kipande cha nailoni ili kisivuje. Zungushia mpini kitambaa. Ukingo wa plastiki huchosha vidole kabla mgongo haujachoka, nawe utadhani umefika mwisho.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, baada ya dakika 5 za kutembea haraka, fanya haya kwa mpangilio huu (seti ni marudio ya zoezi unayofanya mfululizo kabla ya kupumzika):

1. Kuchuchumaa umekumbatia mtungi kifuani: seti 3 za mara 8 hadi 12. Anza na lita 10. Visigino visiinuke, magoti yafuate upande vidole vya miguu vinakoelekea.
2. Pushapu: seti 3. Usipoweza 5 kamili, weka mikono kwenye ukingo wa kitanda au benchi, na ushushe kimo kila wiki mbili. Pushapu za magotini huzoesha mtu uvivu wa kiuno. Benchi ni bora.
3. Kuvuta mtungi ukiwa umeinama, mkono mmoja ukiegemea kiti: seti 3 za mara 8 hadi 12 kila upande. Vuta kiwiko kuelekea mfukoni, si kuelekea sikioni.
4. Kuinua mtungi kutoka kati ya miguu: sukuma makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, kisha simama. Seti 3 za mara 10 hadi 12.
5. Kusukuma juu ya kichwa mtungi wa lita 5 hadi 10: seti 2.
6. Kutembea ukiwa umebeba mitungi miwili, mita 40, mara 4.

Pumzika dakika 2 kati ya seti. Hiyo ni saa moja hivi.

Kila seti iishe ukihisi ungeweza mara 2 zaidi, basi. Hapa ndipo wengi hukosea. Kufanya mara 12 nyepesi ilhali ungeweza 30 hakuiambii misuli chochote. Misuli hubaki inapodaiwa, na dai lenyewe ni ule ugumu wa marudio ya mwisho. Siku ukifikisha 12 katika seti zote tatu, ongeza lita 2 na urudi kwenye 8. Andika kwenye daftari, maana kumbukumbu hujipendelea.

Mtungi usiojaa una tabia yake: maji hukimbilia upande mmoja katikati ya kuinua na kukuvuta nayo. Anza polepole, na ushuke kwa sekunde 3. Mtungi ukijaa na bado ni mwepesi, usikimbilie mchanga. Lita 1 ya mchanga mkavu ni karibu kilo 1.6, kwa hiyo mtungi uliojaa mchanga unapita kilo 30 na mpini unaweza kung'oka juu ya mguu wako. Kwanza chuchumaa kwa mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Mwenye presha atoe pumzi anapoinua, asiibane.

Hatua ya 5: Kutembea na kukimbia

Mara tatu kwa wiki, dakika 40 hadi 50, kwa kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo; ukitoa neno mojamoja, punguza. Kuanzia wiki ya 5 geuza siku moja kati ya hizo iwe ya kasi: dakika 2 haraka, 2 polepole, mara 6. Ukilazimika kuunganisha siku moja, fanya mtungi kwanza, mbio baadaye. Miguu iliyochoka kwa mbio hainyanyui vizuri.

Na siku nzima iangaliwe. Mwili unaokula pungufu hujipunguzia kazi bila kukuuliza: unaketi zaidi, unatuma mtoto dukani, unapanda bodaboda kwa mwendo wa dakika kumi. Dereva wetu akae kwa pikipiki kadiri kazi inavyotaka, lakini kila saa ashuke na kutembea dakika 5 stejini.

Umbo hufuata kazi. Eliud Kipchoge na Julius Yego wote wametoka Nandi. Mmoja anabeba mwili wake kilomita 42, kila kilo isiyo ya lazima ni mzigo. Mwingine alirusha mkuki mita 92.72 kule Beijing 2015, na bila mabega na mapaja mazito asingefika nusu yake. Usiige mwili wa mkimbiaji kama kazi yako ni kupakia magunia.

Hatua ya 6: Joto, mwinuko na damu

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru 1,850, Iten 2,400. Kadiri unavyopanda, kila pumzi hubeba oksijeni kidogo. Anayetoka Kisumu kwenda kukimbia barabara ya Menengai atapunguza kasi hata kama yuko fiti, na si aibu. Mwili huchukua wiki 3 hadi 4 kuongeza chembe nyekundu za damu, na kwa kazi hiyo unahitaji madini ya chuma. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharagwe na mboga kufyonzwa. Ingoje saa moja. Limau au chungwa husaidia.

Kisumu tatizo ni jua na unyevu. Jasho lisipokauka halipoozi mwili. Kimbia kabla ya saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni, na uupe mwili siku 7 hadi 14 kuzoea joto kabla ya kuongeza kasi. Jipime kabla na baada ya mbio: kila kilo iliyopotea ni lita 1 ya jasho, irudishe kwa maji lita 1.25 hadi 1.5 ukila na chakula chenye chumvi. Usinywe mapipa ya maji matupu bila kiu, yanaweza kushusha chumvi ya damu hadi hatari. Na anayekimbia amevaa jaketi la nailoni ili kuchoma mafuta anapoteza maji tu. Yatarudi kwa bilauri mbili.

Sasa jambo ambalo miongozo ya kigeni haitaji. Kaunti za ukanda wa ziwa na Magharibi zina malaria nyingi, na kimelea chake huvunja chembe nyekundu za damu. Ukipona homa leo, damu haijarudi leo. Maliza dawa, tembea tu kwa wiki ya kwanza, na ukiona unahema kuliko kawaida pima hemoglobini: chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu wa kutibiwa, na hakuna kiasi cha mazoezi kitakachoufunika.

Pia watu wengi wa sehemu hizi wamebeba chembe moja ya urithi wa selimundu (sickle cell) bila kujua, kwa kuwa hawaumwi. Wanaweza kufanya mazoezi yote haya. Hatari huja pale mtu asiyezoea anapolazimishwa kukimbia kwa nguvu zote juani, akiwa na kiu, mara nyingi kwenye majaribio ya kuandikishwa kazi. Miguu ikilegea na kuuma bila kukaza kama inavyokaza kwa mkakamao wa misuli, asimame mara moja, apozwe, apelekwe hospitali, kwa sababu misuli inayovunjika huziba figo. Mwenye ugonjwa wenyewe apange mazoezi na kliniki yake.

Usingizi

Saa 7 hadi 9. Watafiti wa Chicago mwaka 2010 waliwalaza watu walewale kwa vipindi viwili, saa 8.5 kitandani na saa 5.5, chakula kikiwa pungufu kwa kiasi kilekile. Uzito uliopotea ulilingana. Lakini walipolala kidogo, mafuta yaliyopotea yalishuka kwa zaidi ya nusu, na misuli ikalipa tofauti. Anayeendesha usiku apunguze kalori 200 tu kwa siku, si 400.

Mambo yakikwama

Wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo 2. Wanga unaowekwa kwenye misuli na ini hushikilia maji mara tatu ya uzito wake, na ukipungua unatoka na maji hayo. Wiki ya pili mizani ikisimama, hujakosea.

Kilo hazishuki kwa wiki 3 na kiuno kinashuka: endelea, unabadilisha mafuta kwa misuli, jambo la kawaida kwa anayeanza. Vyote vimesimama: rudi kwenye tarehe ya chupa ya mafuta, kisha uangalie Jumamosi. Bia 5 za nusu lita ni kalori 1,000 hivi, na sahani ya nyama choma yenye mafuta huongeza nyingine; upungufu wako wa wiki nzima ulikuwa 2,800.

Nguvu zinashuka kwa wiki 2 mfululizo kwenye daftari: unakula kidogo mno au hulali. Ongeza kalori 200. Mwanamke hedhi ikipotea bila mimba, asimamishe upunguzaji na aende kliniki. Mwili umekosa nishati na mifupa ndiyo hulipa.

Chai za kupunguza tumbo nyingi ni dawa za kuharisha. Mazoezi ya tumbo mia moja kwa siku hujenga misuli ya tumbo chini ya mafuta, hayachagui mafuta ya hapo.

Wiki ya 13

Rudisha kalori 200 kwa siku, wiki inayofuata 200 nyingine, hadi kilo zisimame. Mtungi ubaki mara mbili kwa wiki; seti zinaweza kupungua, lakini lita zisipunguzwe, kwa kuwa uzito ndio unaoibakiza misuli. Siku chache baada ya kuongeza ugali mizani itapanda kilo 1 au zaidi. Ni wanga na maji yake yakirudi ndani ya misuli. Chukua tepu, pima pale katikati ya ubavu na nyonga, na kama sentimita ni zilezile, endelea kula.